Lifta, Mahame Mlangoni mwa Jerusalem: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara Waswahili wanapozungumza habari za Palestina: msikitini, kanisani, kwenye makundi ya simu, na hasa miongoni mwa watu waliorudi kuhiji Jerusalem wakiwa na picha ya nyumba za mawe zisizo na watu. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale magumu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Lifta ni nini, na iko wapi?

Lifta ni kijiji cha Wapalestina kilichoko kaskazini-magharibi mwa Jerusalem, kwenye mteremko wa bonde, karibu na njia ya zamani ya kwenda Jaffa. Wenyeji wake waliondolewa kati ya Desemba 1947 na miezi ya mwanzo ya 1948, kabla hata taifa la Israel halijatangazwa. Tangu hapo hawajaruhusiwa kurudi kuishi.

Leo barabara kuu namba 1, itokayo Tel Aviv na uwanja wa ndege wa Ben Gurion, inapita juu yake. Kwa hiyo mahujaji wengi wa Afrika Mashariki wamekwisha kuiona Lifta bila kujua. Basi linamaliza kupanda, mji unaanza kuonekana, watu wanaanza kuimba au kuleta takbira, na chini upande wa kushoto kuna nyumba za mawe zilizoshikamana na kilima, madirisha wazi, hakuna nguo iliyoanikwa. Hiyo ndiyo Lifta.

2. Vijiji vilivyohamwa mwaka 1948 ni vingi. Kwa nini muizungumze Lifta?

Ni kweli ni vingi. Orodha inayotajwa sana na wanahistoria wa Kipalestina ina vijiji 418, na Wapalestina waliopoteza makazi katika vita ya 1948 walizidi 700,000. Sehemu kubwa ya vijiji hivyo ilibomolewa mpaka kwenye msingi, juu yake ikapandwa misonobari au kujengwa miji mipya. Mzee akikupeleka kijijini kwao, atakuonyesha mpungate, lundo la mawe, labda kaburi.

Lifta inasimama. Nyumba takriban 55 bado zina kuta, na nyingine zina ngazi, matao na vizingiti. Mtu aliyezaliwa pale anaweza kusimama mbele ya mlango na kusema, hapa ndipo alipokuwa akilala mama yangu. Ndiyo maana naizungumza. Suala la wakimbizi wa Palestina mara nyingi huzungumzwa kama jambo la ramani na maazimio. Hapa Lifta, suala hilo linakuwa na mlango.

3. Je, hii ndiyo Neftoa inayotajwa katika Biblia?

Watafiti wengi wanakubali hivyo. Kitabu cha Yoshua, 15:9 na 18:15, kinataja maji ya Neftoa kama alama ya mpaka kati ya kabila la Yuda na la Benyamini, na chemchemi ya Lifta ndiyo inayohesabiwa kuwa maji hayo. Waisraeli hupaita mahali hapo Mei Naftoah, yaani maji ya Naftoah. Wakati wa Vita vya Msalaba Wazungu walipaita Clepsta. Jina la Kiarabu, Lifta, limehifadhi sauti ya kale kwa namna ambayo hutokea pale tu watu wanapoendelea kuishi mahali na kuliita jina lake kizazi kwa kizazi.

4. Ikiwa imetajwa katika Biblia, basi si ardhi ya Wayahudi?

Hili huulizwa sana makanisani kwetu, na nalijibu kwa heshima. Chemchemi kutajwa katika Yoshua kunaonyesha kwamba mahali hapo ni pa kale. Hakufuti hati ya mtu aliyejenga nyumba yake pale, akalipa kodi, akazika wazazi wake. Daftari la kodi la Waturuki wa Osmani la mwaka 1596 linaonyesha familia za Kiislamu zikiishi Lifta na kutozwa kodi ya ngano, shayiri, zeituni, matunda na mizabibu. Hiyo ni miaka 350 kabla ya matukio tunayoyazungumza. Mkulima wa Lifta hakuwa mgeni aliyefika jana akakuta ardhi tupu.

5. Kilikuwa na watu wangapi, na ardhi kiasi gani?

Sensa ya 1922 ya Waingereza, waliokuwa wakiitawala Palestina wakati huo, ilihesabu watu 1,451. Ya 1931, ikijumlisha na mtaa wa jirani wa Schneller, ilihesabu watu 1,893 na nyumba 410. Kufikia 1945 makadirio yalikuwa watu 2,550, karibu wote Waislamu, pamoja na Wakristo wachache.

Ardhi yake ilikuwa dunam 8,743. Dunam moja ni mita za mraba elfu moja, kwa hiyo tunazungumza juu ya hekta 874 hivi. Kati ya hizo, dunam 7,780 zilikuwa za Waarabu na 756 zilikuwa zimeshanunuliwa na Wayahudi. Hakikuwa kijiji kidogo kilichojificha bondeni. Kilikuwa kijiji cha watu wenye mali, kimepakana na mji unaokua, na kila mwaka ardhi yake ilipanda thamani. Jambo hilo la thamani lishike, lina kazi mbele.

## Maisha kabla ya 1948

6. Watu wa Lifta waliishi kwa kazi gani?

Kilimo kwanza. Walilima nafaka, zeituni, zabibu na matunda, na kwenye bustani za bondeni walimwagilia mboga kwa maji ya chemchemi. Maji hutoka ndani ya mwamba kupitia mfereji uliochimbwa, yanaingia katika birika la mawe, kisha yanateremka kwa mifereji hadi kwenye matuta. Matuta yenyewe ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, moja chini ya jingine kama ngazi, yakizuia udongo usichukuliwe na mvua. Mtu wa Usambara au Uluguru akiyatazama ataelewa mara moja ni jasho la vizazi vingapi.

Mazao yalipelekwa sokoni Jerusalem, mwendo mfupi tu. Kadiri mji ulivyopanuka chini ya Waingereza, wengine wakafanya kazi mjini, wengine wakajenga nyumba mpya juu kilimani, karibu na barabara. Kijiji kilikuwa na msikiti, mahali patakatifu pa kuzuru pa Sheikh Badr, maduka, mikahawa miwili ya kahawa, klabu ya kukutania, shule ya wavulana, na shule ya wasichana iliyofunguliwa 1945. Shule hiyo ya wasichana haikumaliza hata miaka mitatu.

7. Nimesikia habari za nguo za maharusi wa Lifta. Ni zipi?

Ni thob ghabani. Kitambaa chake kilitoka Aleppo, Syria: pamba ya rangi yake ya asili iliyotariziwa maua kwa hariri ya rangi ya dhahabu. Mafundi wa Lifta walikishona kuwa gauni lenye mwili na mikono iliyobana kuliko magauni ya vijiji vingine, na ubavuni, mikononi na kifuani wakapachika vipande vya hariri. Sifa zake zilifika Bethlehem, na maharusi wa huko wakawa wanaagiza.

Mwanamke aliyeolewa alivaa shatweh, kofia ndefu yenye umbo la pia, iliyoshonewa sarafu. Ilivaliwa pia Bethlehem, Beit Jala, Beit Sahour na Ayn Karim. Wanawake wetu wa pwani wanajua kusoma kanga: inasema imetoka wapi, inamwambia nani, siku gani. Kwa Wapalestina tarizi ilikuwa hivyo hivyo. Ungemwona mwanamke sokoni Jerusalem na kabla hajafungua kinywa ungejua kwao. Wakati wa kukimbia, nguo ya arusi ilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu angeweza kubeba, na ndiyo maana baadhi ya magauni ya vijiji vilivyobomolewa yamepona kuliko nyumba zake.

8. Nyumba hizo zilijengwaje hata zikastahimili miaka zaidi ya 70 bila kukarabatiwa?

Kwa mawe ya chokaa ya milima ileile. Kuta ni nene, nyingine unene wake unazidi urefu wa mkono wa mtu mzima, na dari ya ndani ni kuba au matao yanayokutana katikati, kwa hiyo uzito hushuka kwenye pembe. Chumba cha juu cha watu, cha chini cha wanyama na akiba. Nyumba ziliongezwa kadiri ukoo ulivyoongezeka: mwana akioa, chumba kingine kinapandishwa juu ya kile cha baba. Hivyo kilima kizima kikawa kama jengo moja lenye ua nyingi.

Kwa wajenzi na wasanifu wa majengo, Lifta ni moja ya mifano iliyosalia vizuri zaidi ya kijiji cha milimani cha Kipalestina.

9. Waliishi vipi na majirani wao Wayahudi kabla ya vita?

Kwa biashara na kwa mashaka, vyote viwili. Mtaa wa Kiyahudi wa Romema ulianzishwa 1921 juu ya kilima cha jirani, na Givat Shaul ulikuwapo tangu kabla yake. Watu waliuziana, waliajiriana, walipanda mabasi ya njia moja. Wakati huohuo kila mtu aliona kwamba mitaa ile ilikuwa ikikua kuelekea kwao, na kwamba barabara ya Jaffa, mshipa wa Wayahudi wa Jerusalem kwenda pwani, ilipita ubavuni mwa Lifta. Amani ilipovunjika, mahali pa kijiji ndipo palipokiponza.

## Kuondolewa

10. Nini hasa kilitokea?

Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 181 la kuigawa Palestina. Mapigano yalianza karibu mara moja, na barabara za kuingia Jerusalem zikawa uwanja wa vita.

Tarehe 28 Desemba 1947 watu wenye silaha walishambulia mkahawa wa Lifta kwa bunduki za rashasha na maguruneti. Watu sita waliuawa na saba wakajeruhiwa. Wanahistoria wanataja makundi ya kijeshi ya Kiyahudi ya Irgun au Lehi. Fikiria mkahawa wa kijijini: wanaume wamekaa, vikombe viko mezani, kila mmoja anajuana na mwenzake tangu utotoni. Baada ya siku ile hapakuwa na mahali pa kukaa bila kutazama barabarani.

Januari 1948 mashambulizi yakaendelea na nyumba zikalipuliwa. Familia baada ya familia ikafunga mlango. Wanawake, watoto na wazee walitangulizwa, baadhi ya wanaume wakabaki kulinda. Tarehe 7 Februari 1948 David Ben-Gurion, kiongozi wa Wayahudi wa Palestina, aliwaeleza viongozi wa chama chake kwamba ukiingia Jerusalem kupitia Lifta na Romema hapakuwa tena na Waarabu, na kwamba hakuona sababu ya hali hiyo kubadilika. Waingereza walikuwa bado ndio watawala wa nchi. Taifa la Israel lilikuwa bado halijatangazwa, na majeshi ya nchi za Kiarabu yalikuwa hayajavuka mpaka. Hayo yote yalikuja Mei.

11. Si wao wenyewe waliondoka? Tunaambiwa viongozi wa Kiarabu waliwaamuru.

Nimelisikia swali hili kwa watu wema wasio na nia mbaya, na jibu lake linataka uangalifu. Ni kweli kwamba wapiganaji wa Kiarabu walikuwapo eneo lile, na ni kweli kwamba kulikuwa na uamuzi wa kuwatoa wanawake na watoto mahali pa hatari. Kila jamii iliyo vitani hufanya hivyo. Mama wa Goma anayebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani akielekea mpakani hajatia saini ya kuitoa nyumba yake.

Mambo mawili yatenganishwe. La kwanza ni kuondoka: watu wa Lifta walikimbia kwa sababu waliuawa mkahawani na nyumba zao zikalipuliwa. La pili ni kuzuiwa kurudi, na hilo halikuamuliwa na kiongozi yeyote wa Kiarabu. Hata angekuwapo mtu mmoja aliyeondoka kwa hiari yake, akiacha sufuria jikoni, bado angekuwa na haki ya kurudi kuichukua.

12. Deir Yassin inahusika vipi na Lifta?

Deir Yassin kilikuwa kijiji jirani cha Wapalestina, kilomita chache tu kutoka Lifta. Tarehe 9 Aprili 1948 wapiganaji wa Irgun na Lehi waliingia Deir Yassin na kuua zaidi ya watu 100, wakiwamo wanawake na watoto. Habari zilienea mlima kwa mlima na kuharakisha kukimbia kwa watu wa vijiji vingine vingi.

Lakini watu huchanganya mpangilio. Lifta ilikuwa imeshahamwa kwa sehemu kubwa kabla ya Deir Yassin. Kilichofanywa na mauaji yale kwa watu wa Lifta ni kuondoa wazo la kurudi kimyakimya usiku kuangalia mali.

13. Katika ramani ya Umoja wa Mataifa ya 1947, Lifta ilipangwa upande gani?

Hakuna upande. Jerusalem na vijiji vinavyoizunguka vilipangwa kuwa eneo la pekee chini ya usimamizi wa kimataifa, na Lifta ilikuwa ndani ya eneo hilo. Mpango huo haukutekelezwa hata siku moja. Mkataba wa kusitisha vita wa 1949 uliiacha Lifta upande wa Israel, na Jerusalem Mashariki ikawa chini ya Jordan mpaka 1967.

## Baada ya watu kuondoka

14. Wenyeji na wajukuu wao wako wapi leo?

Wengi wako Jerusalem Mashariki, Ramallah na al-Bireh. Wengine wako Jordan, na wapo walioenda Marekani. Wana vyama vyao vya ukoo na kijiji, wanaoana, wanazikana, na hujitambulisha kwa jina la kijiji, Liftawi. Mtoto aliyezaliwa Amman atakwambia yeye ni wa Lifta, kama Mchaga wa Dar anavyokwambia kwao ni Rombo hata kama amekanyaga huko mara mbili tu. Tofauti ni kwamba Mchaga huyo, Desemba ikifika, anapanda basi.

Kinachoniuma zaidi ni wale wa Jerusalem Mashariki. Kutoka wanapoishi mpaka Lifta ni dakika chache kwa gari. Tangu 1967 wanaweza kwenda, wakakaa chini ya mlozi, wakachuma tini, wakanywa maji. Jua likizama wanaondoka.

15. Nani aliishi katika nyumba hizo baada ya 1948?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Israel iliwaweka humo Wayahudi maskini waliotoka Yemen na Kurdistan, bila huduma za maana. Maisha yao pale yalikuwa magumu, na wengi walihamishwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Familia chache zilibaki katika nyumba za juu, karibu na barabara, mpaka 2017 zilipoondolewa kwa makubaliano ya fidia.

Nyumba zilizoachwa tupu zilitobolewa. Ukiingia leo na kuinua macho, katikati ya kuba kuna tundu, na mwanga unaanguka sakafuni kama nguzo. Mgeni hudhani ni bomu la vita. Matundu hayo yalipigwa kwa makusudi baadaye, ili mvua iingie na pasikalike tena. Mvua ya miaka hiyo yote imefanya kazi yake: plasta imebanduka, mtini umeota ndani ya chumba na kutoa matawi juu kupitia tundu lilelile.

16. Kwa nini basi hakikubomolewa kabisa?

Sehemu kubwa ilibomolewa. Linganisha nyumba 410 za mwaka 1931 na 55 hivi zilizobaki. Zilizookoka ni zile za bondeni, ambako mteremko ni mkali na mashine za ujenzi hazifiki kwa urahisi. Sehemu za juu za ardhi ya Lifta zimekuwa mitaa ya Jerusalem Magharibi: kituo kikuu cha mabasi na mazingira yake, Romema iliyopanuka, na eneo la Sheikh Badr ambalo leo lina majengo ya serikali.

17. Kisheria, ardhi ni ya nani?

Kwa sheria ya Israel, ni ya dola. Sheria ya Mali za Wasiokuwepo ya mwaka 1950 ilimhesabu kuwa "hayupo" mtu aliyeondoka makazi yake baada ya 29 Novemba 1947 kwenda sehemu iliyoshikwa na upande wa pili, na mali yake ikapita kwa msimamizi wa mali aliyewekwa na serikali, kisha kwa mamlaka ya ardhi. Mtu wa Lifta aliyelala Ramallah kwa kuogopa risasi aliamka akiwa hayupo.

Kwa wenyeji, ardhi ni yao. Wengi wanazo hati za Waosmani na za Waingereza, na stakabadhi za kodi ya ardhi. Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 194 la 11 Desemba 1948, ibara ya 11, ulisema wakimbizi wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na majirani zao waruhusiwe mapema iwezekanavyo, na wasiotaka kurudi walipwe fidia. Azimio hilo limetajwa na kuthibitishwa mara nyingi sana. Mlango wa Lifta haujafunguliwa nalo.

18. Lakini mwenyeji wa Lifta anayeishi Jerusalem Mashariki ana kitambulisho cha Israel. Hawezi kwenda mahakamani akadai nyumba yake?

Hapana, na hapa ndipo mtu mwenye kupenda haki anapokaa kimya kidogo. Israel iliitwaa Jerusalem Mashariki 1967 na kuwapa wakazi wake ukaaji wa kudumu. Sheria ya 1970 iliwawezesha Wayahudi waliopoteza mali Jerusalem Mashariki mwaka 1948 kuidai tena. Ndiyo msingi wa kesi za kuhamisha familia za Kipalestina katika mtaa wa Sheikh Jarrah. Mpalestina aliyepoteza mali Jerusalem Magharibi mwaka uleule, katika vita ileile, hakupewa haki hiyo. Sheria ya 1973 ilimfungulia njia ya fidia ya fedha tu, na walio wengi waliikataa kwa kuwa kuipokea kungekuwa kama kuuza.

Mji ni mmoja, mwaka ni mmoja, na aliyepoteza ni binadamu yuleyule. Mimi sijapata maelezo ya tofauti hiyo yanayoweza kusemwa mbele ya mtoto.

## Majumba ya kifahari, UNESCO na mustakabali

19. Ni kweli wanataka kujenga majumba ya kifahari juu ya magofu?

Ni kweli. Mpango wenye namba 6036 uliidhinishwa katikati ya miaka ya 2000. Januari 2011 mamlaka ya ardhi ya Israel ilitangaza zabuni ya viwanja vya nyumba 212 za kifahari, pamoja na hoteli na maduka. Wenyeji wa Lifta, wakiwa pamoja na Waisraeli wanaopinga mpango huo, walikwenda mahakamani. Februari 2012 mahakama ya masuala ya utawala ya Jerusalem ilifuta zabuni, na ukafanyika uchunguzi mpana wa majengo na mambo ya kale ya kijiji.

Mei 2021, siku Waisraeli wanapoadhimisha kuitwaa Jerusalem yote, mamlaka ilitangaza tena zabuni, safari hii ya nyumba 259 na hoteli. Upinzani ukawa mkubwa, na zabuni ikaahirishwa. Mpango wenyewe haujafutwa. Kumbuka thamani ya ardhi iliyotajwa katika swali la 5: kiwanja bondeni, penye chemchemi, kwenye lango la Jerusalem, hakiwezi kusahauliwa na wafanyabiashara.

20. UNESCO imesemaje?

Mwaka 2015 Israel yenyewe iliiweka Lifta katika orodha yake ya awali ya mahali panapopendekezwa kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia, kwa sifa ya kijiji cha jadi cha milimani. Mwaka 2018 mfuko wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, World Monuments Fund, uliiweka katika orodha ya mahali palipo hatarini. Orodha ya awali si ulinzi. Ni sawa na kuandika jina la mgonjwa mapokezi.

21. Wayahudi wote wanaunga mkono mpango wa ujenzi?

Hapana, na ni haki kulisema hili waziwazi. Muungano wa kuiokoa Lifta una Wapalestina na Waisraeli: wasanifu, wahifadhi, wanaharakati, na hata Wayahudi waliokulia katika nyumba hizo baada ya 1948. Wanatofautiana juu ya lengo la mwisho. Kuna wanaotaka magofu yahifadhiwe kama yalivyo, wapo wanaotaka wenyeji warudi. Mwenyeji wa Lifta anaweza kumshukuru mhifadhi kwa dhati na bado akamwambia: kijiji changu si jumba la makumbusho, ni kwetu.

## Maswali ya pembeni

22. Kwa Kiswahili tuseme nini: kijiji "kilichohamwa", "kilichoachwa" au "kilichofukuzwa"?

Kiswahili kina neno la tayari, *mahame*: mahali palipokuwa na watu wakahama. Ni zuri, lakini halisemi sababu. "Kilichoachwa" linapotosha, maana linamfanya mwenye nyumba kuwa ndiye mtendaji. Mimi huandika mahame ninapoeleza hali ya kijiji leo, na huandika "watu waliondolewa" ninapoeleza 1948. Wapalestina huliita tukio zima Nakba, maafa makuu, na huliadhimisha kila 15 Mei. Neno hilo halihitaji kutafsiriwa, lishaingia katika lugha yetu.

23. Tunaenda kuhiji. Tunaweza kushuka Lifta?

Ndiyo, ni mahali wazi na hapana kiingilio. Njia ya miguu inateremka kutoka barabarani. Ina mawe na huteleza wakati wa mvua, kwa hiyo wazee wawe na mtu wa kuwashika. Msiingie ndani ya nyumba zilizopasuka, wala msipande juu ya dari. Birikani mtakuta mara nyingi vijana wa Kiyahudi wakioga, wengi wao wa dini, maana huyatumia maji hayo kujitakasa. Salamuni, mpite.

Miongoni mwa wenyeji wapo wazee na wajukuu wanaoongoza wageni. Mkipata mmoja, mwacheni aende kwa mwendo wake. Atasimama mahali ambapo nyinyi hamuoni kitu, na hapo ndipo palipokuwa na tanuri la mkate la shangazi yake. Februari milozi huchanua meupe bondeni kote, ile iliyopandwa na watu na ile iliyojiotea kutokana na mbegu zake. Maji ya chemchemi yanatoka mwaka mzima.